Menyu ya WordPress niliyoipima kwa duka la omena Kibuye

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Njia ambayo WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, inampa mwandishi wa plagini, yaani programu ndogo ya kuchomeka humo, ili aongeze kurasa zake kwenye menyu ya msimamizi, ile safu nyeusi iliyo kushoto ukishaingia wp-admin, upande wa kuendeshea tovuti, ni kazi nzuri kwa mtu anayejua ni nani atakayekaa mbele ya skrini. Asiyejua naye itamruhusu afanye vituko vyote bila kumkemea. Naipa nne kwa tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja huko mbele, na mojawapo inaniudhi mpaka leo.

Mimi ni fundi wa tovuti hapa Kisumu. Wateja wangu ni gesti, maduka ya vifaa vya ujenzi, shule za chekechea, na kanisa moja lenye mahubiri mengi kuliko nafasi waliyolipia kwenye seva. Haya ninayoyaandika yametokana na duka moja la jumla pale Kibuye linalouza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na mchele wa Ahero. Wanunuzi wake wengi hawafiki dukani. Wako Luanda, Kakamega, Busia, wengine hadi Nakuru. Wanaagiza kwenye tovuti, wanalipa kwa M-Pesa, na mzigo unapakiwa kwenye matatu. Tovuti niliikuta, na plagini ya kupokea oda niliikuta pia, imeandikwa na fundi aliyenitangulia. Mama mwenye duka aliponipigia simu hakulalamikia oda wala malipo. Alisema, "Binti yangu, hii kitu ya kushoto inanichanganya."

Alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Plagini ile ilikuwa imejipachikia menyu kuu nne kwa mpigo: ya oda, ya bei, ya nauli na ya mipangilio ya duka, zote zimebanwa juu kabisa, kabla hata ya Machapisho. Zote zilikuwa na ikoni ya gia, kwa sababu usipotaja ikoni WordPress hukuwekea gia. Kwa hiyo kwenye simu, ambako mama hufanyia kazi zake zote, alikuwa anaona gia, gia, gia, gia, halafu mambo ya blogu ambayo hajawahi kuyatumia. Na kijana wa stoo, ambaye kazi yake ni kusoma oda na kufunga magunia, alikuwa amepewa cheo cha Msimamizi. Mtu wa kupima nafaka kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, alikuwa na uwezo wa kufuta tovuti nzima kwa kidole kimoja. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikae chini niiandike upya sehemu yote ya menyu.

Amri yenyewe ya kuongeza menyu ni ya siku nyingi. add_menu_page na mwenzake add_submenu_page zilikuja na toleo la 1.5 mwaka 2005, wakati WordPress ya Matt Mullenweg na Mike Little ilikuwa bado changa, na namna ya kuziita haijabadilika sana tangu hapo. Menyu ndiyo iliyohamahama: zamani ilikaa juu ya ukurasa, ikahamia kushoto na toleo la 2.7 mwishoni mwa 2008, na sura hii ya sasa pamoja na zile ikoni ziitwazo Dashicons ni ya toleo la 3.8, Desemba 2013. Kwa duka la Kibuye, mstari mkuu niliouandika ni huu:

add_menu_page( 'Oda za duka', 'Oda', 'shughulikia_oda', 'duka-oda', 'duka_onyesha_oda', 'dashicons-cart', 26 );

La kwanza ni kichwa kinachotokea juu kwenye kivinjari, la pili ni neno linalosomeka kwenye menyu. La tatu ni ruhusa ambayo mtu lazima awe nayo ndipo auone ukurasa. La nne ni slagi, kile kijina kinachokaa kwenye anwani, hivyo ukurasa wangu hufunguka kwa admin.php?page=duka-oda. La tano ni amri yangu mwenyewe inayochora yaliyomo. Isipoandika kitu, utafungua ukurasa mtupu na kukodoa macho. Kisha ikoni ya kigari cha sokoni, kisha nafasi. Mstari huo unakaa ndani ya amri nyingine iliyofungwa kwenye tukio la admin_menu, pale WordPress inapojenga menyu, na kazi imeisha. Hakuna jedwali la kuunda kwenye hifadhidata, hakuna faili la ziada la kusajili. Aliyejifunza PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, kiasi cha kuandika kitanzi anaweza kuwa na ukurasa wake kabla chai haijapoa. Nimewahi kufanya kazi na mifumo mingine ambayo ukurasa mmoja wa msimamizi unadai faili tatu na subira ya mvuvi, na kwa hapa WordPress inawaacha mbali.

Ile namba ya mwisho ndiyo inayowagombanisha mafundi. Menyu za WordPress yenyewe zina nafasi zinazojulikana: Dashibodi ni 2, Machapisho 5, Midia 10, Kurasa 20, Maoni 25, halafu kuna pengo, Mwonekano 60, Plagini 65, Watumiaji 70, Zana 75, Mipangilio 80. Mimi nimechukua 26, chini ya Maoni. Kila mwandishi wa plagini anaamini kwamba mwenye tovuti ameamka kwa ajili ya kazi yake, kwa hiyo wanang'ang'ania 3 na 4. Katika matoleo ya zamani, plagini mbili zikichagua namba moja, moja ilimezwa na nyingine ikapotea kabisa kwenye menyu. Siku hizi WordPress inaisogeza kidogo ile iliyochelewa, na hilo limetuondolea ugomvi mwingi, ingawa limewapa jeuri wale wa namba 3.

Msimamo wangu ni kwamba menyu kuu ni ya kitu kinachofunguliwa kila siku. Oda zinafunguliwa kila siku, basi zinastahili. Bei zinabadilishwa mara nyingi, hasa za omena, maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawapati kitu, na kati ya Aprili na Julai uvuvi wake hufungwa kabisa. Bei nimeiweka chini ya Oda, pamoja na nauli za kila mji. Lakini namba ya till, ile ya kupokelea malipo ya M-Pesa, na anwani ya barua pepe ya duka? Hivyo ukishaviandika unaviacha. Vimeenda chini ya Mipangilio kwa add_options_page, amri fupi isiyouliza ikoni wala kelele. Mafundi wengi hawapendi kuweka kazi yao huko kwa sababu haionekani. Mteja hakuwalipa ili waonekane.

Kuna kero ndogo hapa. Ukiongeza ukurasa mdogo wa kwanza chini ya menyu yako, WordPress inaurudia ule mkuu kama mtoto wake mwenyewe. Nilipoongeza Bei, menyu ikasomeka Oda, na chini yake Oda tena, kisha Bei. Dawa yake ni kuita add_submenu_page kwa slagi ile ile ya mzazi na kumpa jina lingine. Mimi nimeandika "Oda za leo". Ukishajua ni mstari mmoja tu, lakini hakuna mahali kwenye skrini panapokudokezea. Mpangilio wa watoto ulikuwa shida nyingine, maana walikaa kwa jinsi walivyosajiliwa. Tangu toleo la 5.3 nao wamepewa namba ya nafasi.

Sasa ruhusa, ambako ndiko nilikotumia muda.

Wengi huandika manage_options kwenye ile nafasi ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kila mfano wanaounakili. Ruhusa hiyo kwa kawaida anayo Msimamizi peke yake. Ukiiandika, Mhariri hauoni ukurasa wako, Mwandishi hauoni, na akijaribu kuandika anwani kwa mkono anakataliwa. Ni sawa kabisa kwa ukurasa wa till. Kwa ukurasa wa oda ni upuuzi, kwa kuwa anayeshughulikia oda si Msimamizi. Hapo mtu ana njia mbili: ampandishe cheo kijana wa stoo mpaka aifikie ruhusa, au aishushe ruhusa mpaka imfikie kijana. Fundi aliyenitangulia alipandisha cheo. Mimi nimeunda ruhusa zangu mbili, shughulikia_oda na badilisha_bei, na vyeo viwili vya duka: mwenye duka anazo zote mbili, wa stoo anayo ya kwanza tu.

WordPress inaruhusu hilo bila masharti, na ndiyo sifa yake ambayo haisifiwi vya kutosha. Neno lolote unaloliandika pale linakuwa ruhusa halali, mradi umempa mtu. Lakini ukumbuke kumpa Msimamizi pia. Cheo chake hakimpi ruhusa ulizozibuni wewe. Ana zile alizoandikiwa tu, kwa hiyo usipomwongezea kwa add_cap, mwenye tovuti ataingia na asiuone ukurasa ambao watu wake wanauona. Na vyeo hivi huhifadhiwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo mahali pake ni pale plagini inapowashwa. Nimeona plagini zinazoviandika upya kila ukurasa unapofunguliwa, kisha mtu anashangaa seva inahema.

Jambo zuri lingine ambalo nililigundua kwa kijana wa stoo: mtu akikosa ruhusa ya ukurasa mkuu lakini akawa nayo ya mdogo, menyu haivunjiki. WordPress inamchukua yule mtoto wa kwanza anayeruhusiwa na kumfanya awe ndiye kiungo cha mzazi. Kwa hiyo unaweza kuwa na menyu moja tu iitwayo Duka, na kila mtu akiibofya anatua mahali pake. Waliofikiria hilo walikuwa wamewahi kufanya kazi na watu wa kweli.

Ila sasa, hebu fuata hii. Ukurasa wa Bei nimeupa badilisha_bei. Mama anaingia kwa simu yake, anauona, anaufungua, anaandika bei mpya ya gunia la mchele, anabonyeza Hifadhi. Anaambiwa hana ruhusa. Ukurasa unamruhusu kuona na kuandika, kisha unamkana wakati wa kuhifadhi, kwa sababu fomu zilizojengwa kwa njia rasmi ya mipangilio ya WordPress hutumwa kwenye faili moja, options.php, na faili hilo linadai manage_options bila kujali wewe uliandika nini kwenye menyu. Kuna kichujio cha kurekebisha, jina lake linaanza na option_page_capability_ na kumalizia kwa jina la kundi la mipangilio yako. Unarudisha ruhusa unayoitaka na mambo yanakwisha. Nilipofika hapo ndipo nikaelewa kwa nini mtangulizi wangu alimpa kila mtu cheo cha Msimamizi. Hakuwa mzembe kama nilivyodhani. Huenda alibishana na hilo katazo mpaka usiku, mteja anapiga simu, akaamua kufungua milango yote. Kwenye tathmini ya kifaa, hilo nalihesabu dhidi ya kifaa. Menyu na fomu zinapaswa kuulizana.

Katazo la kufungua ukurasa nalo lina tabu yake. "Samahani, huruhusiwi kuufungua ukurasa huu", kwa maana hiyo. Unaambiwa hivyo ukiwa kweli huna ruhusa. Unaambiwa hivyo hivyo ukiwa umekosea herufi moja ya slagi. Na ukisajili ukurasa wako kwenye admin_init badala ya admin_menu, basi ukaguzi wa ruhusa unakuwa umeshapita kabla hujajitambulisha, na unaambiwa hivyo tena. Mambo matatu tofauti, jibu moja, na anayeanza atatafuta kosa kwenye vyeo vya watumiaji wakati liko kwenye tahajia. Hapa ndipo nusu ya ile nyota iliyopungua ilipoenda.

Halafu lile la ujumbe wa kuhifadhi. Katika plagini ya zamani, ukurasa wa bei ulikuwa unahifadhi vizuri, lakini kimya. Nilimtazama mama akibonyeza Hifadhi, akingoja, akibonyeza tena, kisha akaenda kwenye tovuti yenyewe kwa dirisha jingine kuhakikisha bei imebadilika. Alikuwa anafanya hivyo kila mara na kuona ndiyo kawaida ya kompyuta. Sababu ni kwamba WordPress huonyesha ule ujumbe wa "mipangilio imehifadhiwa" yenyewe tu kwa kurasa zilizo chini ya Mipangilio. Ukiwa na menyu yako kuu, au ukurasa ulio chini yake, lazima uuite mwenyewe kwa settings_errors(). Neno moja na mabano yake. Nililiongeza, mama akahifadhi, mstari wa kijani ukatokea, akasema, "Kumbe inaweza kuongea!" Sijui ni maduka mangapi ya mkoa huu yanabonyeza Hifadhi mara tatu kwa kukosa mstari huo.

Na sasa hili linaloniudhi mpaka leo.

add_menu_page na add_submenu_page zikimaliza kazi zinakurudishia jina la ndani la ukurasa. Jina hilo unalihitaji ili mitindo yako na skripti zako zipakiwe kwenye ukurasa wako peke yake, si kwenye wp-admin nzima. Kwa ukurasa mkuu jina ni toplevel_page_ na slagi yako, nalo halina neno. Lakini kwa kurasa ndogo, WordPress haitumii slagi ya mzazi. Inachukua lile neno la mzazi linalosomeka kwenye menyu, inalinyoosha (herufi ndogo, vistari badala ya nafasi), na kulifanya kiambishi. Ukibadilisha neno la menyu, jina la ndani la watoto wote linabadilika. Mtangulizi wangu alikuwa ameandika menyu kwa Kiingereza na kunakili lile jina la ndani kwa mkono. Nilipoweka "Oda" mahali pa neno lake, jedwali la nauli likapoteza mitindo yote likawa maandishi yaliyomwagika.

Hiyo bado si mbaya. Mama alitaka kiduara chekundu chenye idadi ya oda mpya, kama kile cha maoni yanayosubiri. Kiduara hicho huwekwa ndani ya neno la menyu lenyewe, kwa kipande cha HTML. WordPress inapolinyoosha neno hilo inatupa alama za HTML lakini inabaki na tarakimu. Kwa hiyo oda zikiwa tatu, kiambishi ni oda-3. Ikiingia nyingine, ni oda-4. Jina la ndani la ukurasa wa Bei linabadilika kila mtu wa Busia anapoagiza omena! Aliyeandika jina hilo kwa mkono atakuwa na ukurasa unaopendeza asubuhi na kuharibika mchana, kisha asubuhi ya kesho, oda zikishafungwa, unapona wenyewe. Jaribu kumweleza mteja hilo kwenye simu. Kinga yake ni kutonakili kabisa. Uhifadhi kile ambacho amri imekurudishia na ulinganishe nacho ndani ya admin_enqueue_scripts, tukio la kupakia mitindo na skripti. Basi. Lakini chombo chenye umri huu hakikupaswa kuning'iniza utambulisho wa ukurasa kwenye neno ambalo watafsiri na wateja wanalibadilisha.

Kwenye simu menyu inajitahidi. Skrini ikiwa chini ya pikseli 782, safu nzima inajificha nyuma ya kitufe cha mistari juu kushoto, na ukikigusa inashuka kwa herufi kubwa zinazoguswa vizuri hata na kidole chenye magamba ya samaki. Kinachopungua ni kwamba ile ya kupitisha kipanya juu ya menyu watoto wakatokea pembeni haipo. Unamgusa mzazi kwanza. Kwa hiyo kitu cha kila siku kisiwe mtoto wa nne. Maneno nayo yawe mafupi: "Oda", "Bei", "Nauli". Plagini niliyoirithi ilikuwa na neno refu lililokatika katikati na kuangukia mstari wa pili, na mama alidhani ni menyu mbili.

Mtu atauliza kwa nini nisingesakinisha moja ya zile plagini za kupanga na kuficha menyu, nikaiacha kazi ya mtangulizi wangu ilivyo. Nilizijaribu kwa tovuti nyingine. Za kupanga zinafaa. Za kuficha zinahitaji macho, kwa kuwa nyingi zinategemea remove_menu_page, na amri hiyo inaondoa kiungo tu. Ukurasa bado upo kwenye anwani yake, na mwenye ruhusa akiiandika anaingia. Ni kung'oa kibao mlangoni na kuuacha mlango wazi. Kwa kupunguza vurugu machoni pa mama, sawa. Kwa kumzuia kijana wa stoo mwenye cheo cha Msimamizi, haizuii kitu. Historia ya kivinjari chake inaikumbuka anwani.

Njia nyingine, ambayo ningempendekezea anayeanza duka kutoka mwanzo, ni kusajili oda kama aina ya chapisho kwa register_post_type. Ukifanya hivyo WordPress inakupa menyu, orodha, utafutaji na kurasa za kuhariri bila wewe kuandika add_menu_page hata mara moja, na ukitaka uiweke chini ya menyu yako unaielekeza kwa show_in_menu. Sikufanya hivyo Kibuye kwa sababu oda za miaka iliyopita tayari ziko kwenye jedwali lake, na kuzihamisha wakati duka linafanya kazi ni kujitafutia presha.

Mengine ni mafupi. Fomu ulizojenga nje ya njia rasmi, kama kitufe changu cha "Imepakiwa" kwenye kila oda, uziwekee wp_nonce_field, alama ya siri inayothibitisha fomu ni yako, na uzikague kwa check_admin_referer, la sivyo kiungo kilichotumwa kwenye WhatsApp kinaweza kubonyeza kitufe kwa niaba ya mama akiwa ameingia. Na ruhusa uikague tena ndani ya amri inayotekeleza kazi; menyu haikulindii hilo. Ikoni ukitaka yako mwenyewe, SVG inakubalika, ila Dashicons zina kigari, duka, kalenda na vingine vya kutosha biashara nyingi za hapa, na zinabadilika rangi pamoja na menyu bila kuombwa. Bei ya haya yote ni sufuri, leseni ni GPL, ya programu huria. Kinacholipiwa ni muda wa fundi. Mteja akiniuliza mbona ukurasa mmoja wa bei unagharimu kuliko alivyodhani, namwonyesha ule wa zamani na huu, namwachia simu mkononi.

Kwa sasa menyu ya duka ina Oda yenye kigari na kiduara chekundu, chini yake Oda za leo, Bei na Nauli. Till iko Mipangilio, na ni mimi na mpwa wa mama anayeshughulikia hesabu tunaoiona. Kijana wa stoo akiingia anaona Dashibodi, Oda na wasifu wake, basi; alilalamika kidogo kwamba amepunguziwa cheo, kisha akagundua hahitaji tena kutafuta.

Mama ameshaniomba ukurasa wa madeni, wa wateja wanaochukua magunia leo na kulipa mwisho wa mwezi. Alitaka uwe menyu kuu, juu kabisa, kwa rangi nyekundu ikiwezekana. Tumekubaliana uwe chini ya Oda, baada ya Bei, kwa ruhusa ya tatu ambayo ni yake peke yake, na settings_errors() nimeiandika kabla ya kitu kingine chochote.